Mlango Uliofunguliwa Wakati wa Futari

Asubuhi moja ya Ramadhani, jokofu la dawa za saratani katika bohari moja ya Shubra, mtaa wa Cairo, lilikutwa tupu. Kompyuta ya milango ilionyesha kwamba chumba cha dawa kilifunguliwa jana yake saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, mji mzima ukiwa mezani unafuturu. Ndani alikuwemo mtu mmoja tu: Makram, Mkristo ambaye kila Ramadhani hushika zamu hiyo ili wenzake wakafuturu kwao. Askari walikwisha kumfunga pingu.

Mpelelezi Raghda hakupenda kesi inayoiva haraka namna hiyo.

"Kadi ya kufungulia chumba cha dawa hukaa wapi?" aliuliza.

"Kwenye droo, afande, kila mtu anaichukua," alijibu Makram. "Haki ya Mungu, jana sikuigusa!"

Raghda akamgeukia Dahi, mlinzi wa getini. Dahi aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Mimi tena? Wakati huo nilikuwa barabarani nagawa tende kwa madereva. Waulizeni wenye maduka!"

Wenye maduka waliulizwa. Kweli, walimwona.

Lutfi, mhandisi wa kompyuta wa bohari, akacheka. "Mashine haina dini wala udugu, dada. Imeshasema."

"Dada yako umemwacha nyumbani. Hapa niite afande."

Raghda akainamia kumbukumbu za milango, akasoma kwenye skrini: Lutfi kaingia. Chumba cha dawa kimefunguliwa. Makram kaingia. Lutfi katoka. Mistari yote minne ilibeba dakika ileile moja. Akahisi kuna mchezo.

"Makram, jana uliingia saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilimpokea Lutfi zamu, akaenda zake. Wengine walishatoka mapema."

"Ni kweli, Lutfi?"

"Kweli. Saa kumi."

"Sasa mbona mashine inasema mlipishana saa kumi na mbili na kumi?"

Lutfi akaisogelea skrini, akaisoma mistari upya.

Raghda akavuta kiti. Alianzisha programu inayoandika mstari mmoja kila sekunde, na mistari ikajitokeza kwenye skrini mmoja mmoja. Kisha akaipitisha kwenye kichujio, programu ndogo ya kuchagua mistari, na kutoka hapo kwenye programu inayogonga saa kwenye kila mstari. Skrini ikanyamaza.

"Imeharibika?" aliuliza Dahi.

"Wala. Kichujio kikiongea na skrini, hutoa kila mstari papo hapo. Kikiongea na programu nyingine, hulimbikiza mistari kwenye kumbukumbu mpaka ijae au kiamriwe kumaliza, ndipo humwaga yote." Akakiamuru kichujio kimalize. Mistari ikamiminika kwa mkupuo, yote imegongwa saa ileile. "Saa hii ni ya kumwagwa, si ya mlango kufunguliwa. Mpangilio ndio wa kweli, na kwa mpangilio huo chumba kilifunguliwa kabla Makram hajaingia. Nani alikuwemo?"

Wote walimtazama Lutfi.

"Kichujio kama hiki kiliongezwa jana mchana kwenye kompyuta ya milango, kwa jina lako," Raghda aliendelea. "Kikaamriwa kumaliza saa kumi na mbili na kumi, kutoka nyumbani kwako. Ulijua saa zitadanganya. Mpangilio uliusahau."

Lutfi akaketi chini. "Mama anakufa, afande. Hospitali wanatuambia njoo kesho, njoo kesho, na dawa zimejaa humu! Nikabeba zote."

"Mama Lutfi?" Makram alimsogelea. "Mama aliyenilea nilipofiwa? Si ungeniambia, ndugu yangu! Ningelala mlangoni kwa mkurugenzi mpaka atoe. Kwa nini mimi, Lutfi?"

Lutfi alilia, hakuweza kumwangalia.

"Kwa sababu nilijua kwako wewe wataamini haraka."

Makram akanyoosha mikono yake yenye pingu. Askari aliyemfunga alihangaika na ufunguo muda mrefu, hakuthubutu kuinua uso.