Kikohozi cha Alasiri

Amri ilimkuta Namono darini, amelala kifudifudi, kebo ya mtandao ameiuma kwa meno.

"Mwaga chai," Afande Wanyera alisema kwenye simu. "Alasiri. Akitoka msikitini tu."

Simu ikakatika.

Kumwaga chai maana yake kukamata. Wa kukamatwa alikuwa Bruhan, mwenye nyumba, ambaye wakati huo huo alikuwa amesimama chini ya dari akimwita fundi ashuke anywe chai ya kweli. Namono alitema kebo, akapangusa vumbi mdomoni. Magoti yalimuuma. Mama mzima, anakaribia kustaafu, na bado Idara ya Usalama inampandisha dari za watu kama paka! Angekuwa na nguvu za kukasirika, angekasirika.

Alishuka, akanywa chai.

Mambo yalianzia Mbale. Malori ya risasi yalikuwa yakipita na kupotelea mlimani, na hakuna simu hata moja iliyonaswa. Mwishowe Idara ikagundua kwamba lori hupita kila mara kipaza sauti cha sokoni kinapotangaza mchele wa Buwenge kwa bei ya kutupa. Mchele wenyewe hakuna aliyewahi kuuona. Dereva anakula kibandani, anasikia tangazo, ananawa mikono, anawasha gari. Nani wa usalama atasikiliza matangazo ya mchele?

Matangazo hayo yalitoka Jinja, mtaa wa Mpumudde, kwenye studio ya nyumbani ya Bruhan. Mtu mpole, anarekodi kaswida, salamu za harusi na matangazo ya maduka. Alikuwa na kompyuta tatu zisizojuana, kazi inahamishwa kwa flashi kutoka chumba hadi chumba, na flashi zinapotea. Akatafuta fundi wa kuziunganisha. Idara ikampelekea fundi.

"Kiswahili chako kimenyooka, nyabo," alimwambia siku ya kwanza, kwa heshima kama mtu amwitavyo mama, huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Huku kwetu mtu akinyoosha Kiswahili namna hiyo, watu humwangalia miguuni kama amevaa buti za askari. "Ulikuwa jeshini?"

"Nilipika huko."

"Ulipika nini?"

"Posho na maharage. Kuna kingine?"

Bruhan alicheka mpaka akakohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu ajaze kuta na sakafu ya studio sponji za magodoro makuukuu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kebo moja chumba cha kurekodia. Ya pili chumba cha kuhariri. Ya tatu dukani mbele, ambako Shamim, mke wa Bruhan, hutuma matangazo kwa wateja. Zote zikaingia kwenye swichi ya TP-Link. Halafu kebo ya nne, ambayo Bruhan hakuijua, ikapanda darini hadi kwenye kisanduku cha Idara. Kila faili lililopita, kisanduku kilibaki na nakala.

Matangazo matatu ya mchele yakapatikana.

Sauti ilikuwa imezamishwa kwa programu hadi ikawa nzito ya kutisha. Angeweza kuwa mtu yeyote. Tarehe nazo bure kabisa. Betri ya ndani ya kompyuta ile ilikufa zamani, kila faili linadai limezaliwa Januari ya mwaka mmoja uliokwisha kupita. Kwa Wanyera hayo yalitosha. Studio ya Bruhan, kompyuta ya Bruhan, basi ni Bruhan.

Lakini Namono alisikia kitu nyuma ya mchele. Kwa mbali, katika matangazo yote matatu, adhana, kila mara ikikatizwa mahali tofauti.

Bruhan harekodi wakati wa adhana. Hawezi. Yeye ndiye mwadhini wa msikiti ulio nyuma ya ukuta. Muda ukifika anaacha kila kitu na kwenda, na ufunguo wa studio unabaki kwa Gaster, mshirika wake anayeleta kazi za matangazo kutoka Mbale. Gaster alizaliwa mtaa huo huo. Mtu aliyekulia ukutani mwa msikiti adhana huwa haimwingii tena sikioni, kama mwenye saa ya ukutani asivyoisikia ikigonga. Joto la magodoro likimzidi, anafungua dirisha.

Namono alikuwa amemweleza afande hayo asubuhi, kabla ya amri. Afande akajibu kwamba siku hizi misikiti inapiga adhana za kurekodiwa, na kwamba yeye alianza kazi kabla Namono hajaota meno. Uongo mtupu, wamepishana miaka miwili. Namono hakubisha. Ameshaona watu wakiokotwa kwa namna hiyo. Kuingia ni dakika moja. Kutoka, watoto wanakua hawakujui.

Alasiri ikafika. Bruhan akaacha kikombe katikati, akakohoa.

"Koo hili litaniaibisha," alisema, akatoka.

Mbele ya msikiti Hiace nyeupe ilikuwa imeegeshwa. Ndani, wanaume wawili wasionunua wala kuuza.

Namono aliingia chumba cha kuhariri, akavaa hedifoni, akafungua maiki ya studio kupitia mtandao alioujenga mwenyewe. Adhana ilianza. Mlango wa studio ukalia. Dirisha likafunguliwa.

Kisha sauti. "Mchele wa Buwenge! Bei ya kutupa!"

Alimpigia Wanyera, akabana simu kwenye hedifoni.

"Afande, sikiliza."

"Nasikia mchele. Chukua Bruhan."

"Na nyuma?"

"Hiyo rekodi. Alibonyeza tu, akarudi kuuza mchele. Chukua..."

Adhana ikakatika. Kikafuata kikohozi, kirefu, kikavu, mtaa mzima ukisikia. Muuza mchele hakupumzika hata kidogo. Mwadhini akavuta pumzi, akaendelea.

Wanyera akasema, polepole, kwamba hata rekodi inaweza kukohoa.

"Katika zile tatu pia anakohoa, kila moja mahali tofauti. Mtu mmoja hawezi kukohoa msikitini na kuuza mchele chumbani, afande." Namono alishangaa kusikia sauti yake ikitetemeka. "Nimechoka. Ukimchukua mtu huyu, tafuta mwingine wa kupanda dari."

"Msikiti uacheni," Wanyera alisema mwishowe. "Mwaga ndani. Mbale niachie mimi."

Namono alipoingia studio, Gaster alikuwa amempa mgongo. Aliona kivuli kwenye kioo, mkono ukaruka kwenye droo, bastola ikatoka. Namono alimpiga kifundo cha mkono kwa koleo la kubania kebo. Bastola ikaangukia sponji bila sauti. Studio nzuri, alifikiri. Glock 19 yake ikatua nyuma ya sikio la Gaster.

"Malizia tangazo."

"Nini?"

"Wateja wanasubiri. Malizia."

Alimalizia. Sauti ilitetemeka, lakini programu iliizamisha ikawa ile ile. Faili likapita kwenye kebo hadi dukani, na Shamim akalituma Mbale kama matangazo mengine, huku akimsuka binti wa jirani. Kabla ya magharibi lori lilisimamishwa kwenye daraja la Namatala. Mchele ukaonekana kwa mara ya kwanza. Chini yake, masanduku ya risasi.

Lakini hayo yalikuwa bado. Swala ilipokwisha, Gaster alikuwa ameshatolewa kwa mlango wa nyuma. Bruhan akapita ubavuni mwa Hiace, akawapa salamu wanaume wawili. Waliitikia wakiangalia viatu vyao.

Alimkuta Namono anakunja vifaa. Kebo ya nne alikuwa ameshaikata. Alimwambia mtandao uko tayari, na kwamba Gaster amechukuliwa na watu wa Mbale, asimngoje. Bruhan hakuuliza zaidi. Alikuwa na lake.

"Umenisikia, nyabo?" Aliinamisha uso. "Mbele ya mtaa mzima. Wazee wamesema nimwachie mwingine, mwenye koo zima. Nadhani nitamwachia."

Namono alitupa mkoba begani. Goti likalia.

"Usimwachie mtu."

"Na kikohozi?"

"Dawa utatafuta kesho. Kikohozi cha leo Mungu amekipokea."

Alitoka taratibu hadi barabarani, akasimamisha boda ya kwenda Bugembe. Mkobani simu iliita. Akaiacha iite.