Mafundo Mawili Kando ya Rima

Kwachu. Kisha kimya. Kisha kwachu tena, karibu zaidi, bua la hindi linavunjwa taratibu, bila pupa, kama mtu anayechagua kuni. Flora alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba ili mlinzi aone mbali, debe la kupiga liko mapajani, na simu ilionyesha saa nane na dakika kumi usiku. Akazuia pumzi asikilize vizuri. Kule chini kutafuna kukasita. Akaachia pumzi, kukaendelea. Akajaribu tena. Mara ya tatu hakutaka kujaribu, akapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi.

Asubuhi jua lilitoka kama kawaida, vilima vya Kipatimu vimelowa umande, majogoo wanajibizana, watu wanapita na majembe yao wanasalimiana. Flora aliteremka kuhesabu hasara. Mistari minne. Mahindi mabichi yaliyokuwa yamebakiza wiki mbili tatu yakomae, yamelala chini yametafunwa nusu nusu, na nyayo za nguruwe kila mahali.

Kwa mwingine ingekuwa hasara tu. Kwa Flora shamba lile lilikuwa mtoto wake, na si kwa kutia chumvi. Mumewe, Klementi, alikuwa Nangurukuru anakaanga chipsi pale mabasi yanaposimama, na kabla ya kuondoka alisema neno moja ambalo Flora hakulisahau: mahindi yakiliwa, nyumba haitakuwa na chakula cha watu wote, basi wewe utarudi kwenu Mchinga kwa baba yako mwalimu mpaka mvua nyingine, na mtoto atabaki kwa bibi yake. Eti kwa muda. Flora alikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne amemaliza, na muda wa aina hiyo aliujua. Mtoto akibaki amebaki.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi minane. Alipewa jina la bibi yake, Romana, kwa hiyo pale nyumbani hakuna aliyemwita jina. Alikuwa Somo tu, maana ndiye somo wa bibi. Usiku Flora akienda kulinda, Somo alilala na Bi Romana, na Flora kule juu ya dungu maziwa yanamjaa mpaka gauni linalowa, anahesabu saa.

Walikuwa wameshajaribu kila kitu. Vitambaa vilivyochovywa oili chafu, vikatundikwa pembeni mwa shamba. Nguruwe walipita chini yake. Nywele kutoka kwa kinyozi, zikamwagwa mpakani. Waya za breki za baiskeli zikategwa kama vitanzi, zikanasa mbwa wa jirani. Ndipo wakamwita mzee Abilahi.

Abilahi alikuwa mchimbaji wa marima, yale mashimo marefu ya kunasia wanyama, yanayofunikwa fito na majani. Ukoo wao wote ndio uliochimbia watu marima katika vilima vile, na kwa kuwa ni Waislamu hawali wala hawagusi. Nguruwe akishaanguka Abilahi hupiga mluzi, kina Jonas wa kigangoni wanakuja na visu.

"Mimi Mungu kanipa kazi ya kuwapikia watu chakula nisichokionja," alisema, amezama shimoni mpaka kifuani. "Hata harufu ya mvuke sipati."

"Si uhamie kwetu, mzee," Jonas alimjibu kutoka juu. "Padri atakubatiza na ndoo hiyohiyo ya udongo."

Rima lilichimbwa kwenye njia ya kutoka kijitoni, njia ambayo mchana watu wanachotea maji na usiku nguruwe wanapandia. Na sheria ya rima ni moja. Hatua chache kabla ya shimo, ukitokea huku na ukitokea kule, unafunga majani marefu ya kando ya njia mafundo mawili, moja kulia, moja kushoto, yanatazamana. Mtu akiyaona anajua, anazunguka porini. Asiyefunga, mtu akaanguka, huyo ameua, na hakuna kikao kitakachomtetea.

Usiku wa kwanza hakuanguka kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu mahindi yakaliwa mistari sita, na asubuhi Abilahi akamshika Flora mkono, akamwinamisha.

"Angalia wewe msomi, macho yako bado mazuri. Nyayo zinatoka wapi?"

Zilitoka kijitoni, zikapanda katikati ya njia, nyayo za nguruwe mmoja, mkubwa. Zikafika kwenye mafundo. Pale udongo ulikuwa umekanyagwakanyagwa, kama mtu aliyesimama akafikiri. Halafu zikatoka pembeni, zikazunguka rima lote, zikarudi njiani upande wa pili.

"Amenusa watu," Flora alisema.

"Amenusa watu njia nzima, mbona hakutoka mapema? Nguruwe hajaenda shule, mwanangu. Hata ya ngumbaru. Mafundo hayajui." Abilahi alijipangusa magoti, akaangalia nyuma yake, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi sijasema kitu."

Siku nzima neno lile lilimzunguka Flora kichwani. Kama si nguruwe, ni nani? Mwahija, mke wa Abilahi, aliyemuuliza kisimani kama kweli Klementi anatuma salamu? Jonas, aliyekuwa akilisifu lile shamba kupita kiasi? Kila aliyemsalimia alimwona ana jicho la pili nyuma ya lile la kwanza. Jioni ilipoingia alimnyonyesha Somo, akamkabidhi kwa Bi Romana, Bi Romana akamfunga mgongoni kwa kanga na kusema, "Nenda salama, mwanangu, jikinge na baridi." Mama mkwe mwema. Ndiye aliyemfundisha kupanda mahindi mstari mnyoofu, ndiye aliyemkanda maji ya moto alipojifungua.

Njiani kuelekea dunguni Flora alisimama penye mafundo. Hakukuwa na mtu. Aliwaza, usiku nani atapita huku, kijito kinachotewa mchana. Akaanza la kulia. Majani yalikuwa yamekazwa, akatumia meno. Akafungua la kushoto, akavuka, akafungua na yale ya upande wa pili, akayanyoosha majani moja moja yasionekane kama yamewahi kufungwa.

Usiku ule hakusinzia. Kijitoni vyura, basi. Saa tisa kasoro akasikia fito zikivunjika. Kishindo kimoja.

Alingoja kelele. Nguruwe akianguka rimani hupiga yowe mpaka kilima cha pili kinasikia, watu huamka wakiwa tayari wanacheka. Flora alingoja. Hakuna yowe. Hakuna hata mguno. Kulikuwa na sauti nyingine ndogo, ya udongo unaodondoka, kidogo kidogo. Ikachukua muda mrefu. Ikanyamaza.

Kulipopambazuka kiasi cha kuona vidole alishuka mbio, kabla ya lolote akayafunga mafundo yote manne kama yalivyokuwa, ndipo akachungulia. Paa la fito limevunjika. Ndani hakuna kitu.

Abilahi alikuja na ngazi yake. Alishuka akachunguza kule chini, Flora anaona kofia yake tu. Chini kulikuwa na nyayo za nguruwe, zimezunguka mara moja. Na ukutani, kutoka chini mpaka juu, kulikuwa na vishimo vilivyochokolewa, kimoja kulia, kimoja kushoto, kama vile vidato anavyojichimbia mchimbaji ili apandie akimaliza kazi.

"Vya kwako hivi?" Flora aliuliza.

"Vyangu nilivifukia. Na vyangu nachimba kwa sululu." Aliweka vidole vyake vinne katika kishimo kimojawapo. Vikaenea. "Mafundo uliyaacha yamefungwa?"

Hapo Flora akamwambia yote, kwa mkupuo, kwamba aliyafungua jioni, kwamba ameyafunga tena alfajiri hii hii, kwamba hakumwambia mtu.

Abilahi alipanda ngazi polepole. Alipofika juu jasho lilikuwa linamtoka, na jua halijachoma bado.

"Asubuhi hii kila anayepita anayaona mafundo yapo," alinong'ona. "Kwamba usiku hayakuwapo tunajua mimi na wewe. Basi usimuulize mtu, usimpeleleze mtu. Kaa kimya. Atakayekwambia habari ya mafundo kufunguliwa, huyo alikuwa hapa."

Flora alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita kwa watu. Alitaka kuulizwa. Jonas alimwita toka upenuni, "Shemeji, nasikia rima limebomoka, nyama iko wapi?" na Flora akamsubiri aongeze neno, hakuongeza. Mwahija alimpa pole. Mama mmoja wa kwaya akamuuliza kama mtoto ameota meno. Kila mmoja wao Flora alimwangalia miguu, akamwangalia kucha. Kucha za wakulima zote zina udongo.

Bi Romana alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, Somo mapajani, anamlisha uji kwa kijiko. Jua la saa nne limeijaza baraza yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka. Kaa hapa."

Flora akakaa. Bi Romana alimfuta mtoto kidevu, akachota kijiko kingine, akakipuliza.

"Jana hukufunga majani," alisema. "Usifanye hivyo tena. Mtu angeumia."

Kijiko kikaingia kinywani mwa mtoto. Somo akameza.

Flora alitaka kusimama. Akabaki amekaa. Alisikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba. Alisikia kijiko kikigonga bakuli.

"Nani kakwambia, mama?"

"Nani aniambie? Mimi nilikuwa nimelala na mwanao."

"Sasa umejuaje?"

Bi Romana alimtazama kwa upole uleule wa siku zote. "Niliota," akasema. Halafu akamnyanyua mtoto, akamkabidhi. "Mchukue. Mnyonyeshe, maziwa yatakuuma."

Flora alimchukua. Akamnusa kichwani. Somo hakunuka uji wala sabuni. Alinuka udongo wa chini, ule mbichi ambao haujawahi kuona jua.

Akatoka na mtoto kifuani, hakukimbia mpaka alipopita migomba, ndipo akakimbia. Abilahi alikuwa bado bondeni, anafukia rima peke yake.

"Amesema," Flora alimwambia. "Mama. Mama Klementi."

Jembe likasimama hewani. Abilahi alimwangalia Somo, akaondoa macho haraka.

"Usiku mtoto analala na nani?"

"Na yeye. Ni somo wake."

"Inna lillahi," alisema taratibu, akaanza kufukia tena, haraka zaidi. "Rudi nyumbani, binti. Usikimbie njiani. Ukimkimbia atajua umeniambia."

Siku ya pili yake Mwahija alisema mumewe kaondoka alfajiri kwenda Mchinga kwa binti yao, Sada. Hakuaga, hata koti hakuchukua. Siku ya nne Sada alipiga simu kuuliza habari za baba yake, maana siku nyingi hawajaonana.

Watu walimtafuta mpaka barabara kuu. Bi Romana aliwapikia watafutaji uji, akawaombea rozari.

Na nguruwe wakaacha. Hiyo ndiyo Flora hakuweza kuielewa wala kuishukuru. Tangu rima lifukiwe hawakuingia tena, walifika mpakani mwa shamba wakageuka, nyayo zao zimejipanga kwenye mstari kama wameambiwa. Mahindi yakakomaa. Usiku Flora aliacha dungu, akalala na mtoto wake, mlango umekomelewa kwa gogo. Jumamosi ya mavuno Klementi akapiga simu, anacheka, "Mama ananiambia shamba limepona. Basi huendi popote, mke wangu, mtakaa wote watatu." Flora alikuwa amesimama shambani, mtoto mgongoni, mkono mmoja unavunja hindi.

"Klementi," alisema, "kuna jambo nataka nikuambie."

"Sema."

Akamenya ganda la lile hindi, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Lilikuwa la chini kabisa kwenye bua, karibu na udongo. Ganda lilikuwa zima, halijachanika popote. Ndani yake, katikati ya punje, palikuwa pameng'atwa. Si meno ya nguruwe. Vijino viwili tu, vidogo, vimekaa pamoja, na Somo asubuhi ile alikuwa ametoa meno yake mawili ya chini.

"Flora? Mtandao umekata?"

Alipoinua macho Bi Romana alikuwa amesimama mwisho wa mstari, tenga kichwani, anasubiri. Alikuwa amevuka mahindi makavu yote yale, na Flora hakusikia jani.

"Hakuna," Flora akasema kwenye simu. "Nitakuambia ukija."

Akakata. Bi Romana akasogea, akatua tenga, akalichukua lile hindi mkononi mwake kama mtu anayepokea chumvi ya kuazima kwa jirani, akalitia chini ya mengine.

"Abilahi ulimwambia," alisema, si kwa kuuliza.

"Nilimwambia."

"Na nani?"

"Basi, mama. Yeye tu."

Mgongoni Somo alianza kucheka, akinyoosha mikono kwa bibi yake. Bi Romana akampa kidole, mtoto akakishika.

"Nataka nikusikie ukisema, mwanangu."

Flora alifunga kanga vizuri, fundo likambana kifuani.

"Sitamwambia mtu mwingine."