Mlinzi wa Mpunga Uliokwisha Kuvunwa

Kwanza Champika aliona jambo dogo: mpunga ulikuwa umeshavunwa, magunia yamejaa sebuleni, lakini kila jioni mumewe Nandasena bado alibeba blanketi kwenda kulala kwenye kibanda cha juu ya mti, eti analinda shamba tembo wasiingie.

Champika alikuwa mwoga wa maneno. Wifi yake Mallika hakuwa.

"Tembo gani huyo anafuata mabua, wifi? Ana miguu miwili na kavaa sketi!"

"Kaka yako anaumwa figo, wifi. Nguvu za kufuata sketi atazitoa wapi?"

"Haya, shauri yako."

Jioni ile, Nandasena alipokwisha kwenda kibandani, simu aliyoisahau ikalia mezani. Ujumbe: "Mzigo wako umefika. Njoo peke yako, mkeo asijue."

 Akafunga wali kwenye jani la mgomba iwe kisingizio, akakata shamba mpaka kwenye mti, akapanda ngazi.

Sketi haikuwepo. Alikuwepo Nandasena peke yake, na pakiti tatu tupu za unga wa kahawia.

"Mzigo gani unaufuata nisioruhusiwa kuujua?"

"Dawa. Kwa yule muuza mitishamba wa sokoni."

"Dawa ya nini?"

Akageuza uso. "Ya chumbani. Miezi minne sasa mwili hauniitikii, Champika. Nikaona bora nilale na tembo kuliko kulala kando yako kama gogo."

"Kwa hiyo unalinda mabua?"

"Nalinda aibu yangu."

Champika alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Daktari umemwambia?"

"Yule binti mdogo? Nife kwanza!"

"Basi nitamwambia mimi."

Kesho yake, kliniki ya figo, Champika alifungua mdomo, akaishia kumsalimia daktari mara ya pili. Nandasena akamwona anavyohangaika. Akavua kofia.

"Daktari, mwache mke wangu. Tatizo ni langu. Nguvu za kiume zimeniishia."

Daktari hakucheka.

"Umefanya vizuri kusema, kaka. Wanaume wengi wenye figo zilizochoka yanawapata haya, ila wananyamaza. Damu inapungua, homoni zinashuka, mawazo nayo. Hata dawa za presha huchangia, lakini usiziache mwenyewe. Tutapima kwanza, kisha tutaona. Ila huo unga acha leo leo, unaweza kuzimaliza figo zako."

"Nitapona?"

"Kuhusu figo siwezi kukuahidi. Hili lingine, wengi hupata nafuu. Na urudi kulala nyumbani, hata kama ni kulala tu."

Walipotoka wakakaa benchini. Champika alimtazama mumewe kama mtu aliyemfukuza tembo kwa mikono mitupu.

"Labda mshenga alikosea," Nandasena akasema polepole. "Alisema nyota zetu zimelingana. Zilizolingana ndizo zinaleta haya? Ukitaka kurudi kwenu, sitakulaumu."

Champika akamshika mkono, mbele za watu.

"Hazikulingana. Mshenga alitaka kuivunja posa. Nilimfuata njiani nikamsihi adanganye. Nilikuwa nimekuona siku ya mwezi mpevu, umembeba mama yako mgongoni ngazi zote za hekalu, huku unamchekesha. Nikasema ni huyu huyu, hata nyota zikikataa. Na leo, ulipovua ile kofia, nimekuchagua tena."