Makofi ya Mjomba Zubeiri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Shamirah alipitia bustani ya watoto pale mjini Koboko akiwa na kidumu cha maji. Alimwagilia mwarobaini wake, kisha ule wa rafiki yake Mindra, maana Mindra alikuwa mvivu wa kuamka. Miti hiyo waliipanda darasa zima, na aliyewafundisha kuchimba mashimo ni Mjomba Zubeiri, mwenyekiti wa mtaa, kaka wa mama yake. Siku ile Mjomba alisema bustani ni mali ya watoto, na atakayetaka kuichukua atamkuta yeye langoni. Shamirah alimwamini bila kuuliza.

Jumatatu moja alikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa katikati ya bustani, kimoja karibu kabisa na mwarobaini wake. Mpimaji ardhi alikuwa akikunja kamba. Shamirah alimwamkia, akamuuliza vigingi ni vya nini. Mpimaji akamjibu kwa upole kwamba barabara ya lami itapita hapo. Mwanzo ilipangwa ipite upande wa pili, mbele ya lile duka la bluu, ambalo baraza lake limejengwa kwenye eneo la barabara. Lakini mwenyekiti alisema wakazi wameitoa bustani.

"Tumeitoa lini?"

"Jana, mkutanoni. Mlipiga makofi wote."

Duka la bluu lilikuwa la Mjomba Zubeiri. Na makofi Shamirah aliyakumbuka vizuri, kwani hata yeye alipiga. Mtaani kwao mgeni akimaliza kusema hupigiwa makofi, hata kama hakuna aliyeelewa alichosema. Kumnyima ni utovu wa adabu. Jana mgeni kutoka kampuni ya barabara alizungumza haraka haraka kwa Kiingereza, Mjomba akasema, "Tupige makofi," nao wakapiga. Kumbe adabu yao ndiyo iliyogeuzwa kuwa ridhaa!

Jioni alikwenda dukani. "Mjomba, ulituahidi."

Mjomba hakumtazama. Alipanga upya sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari, akasema mambo ya wakubwa hayamhusu mtoto, kisha akampa peremende. Shamirah aliiacha juu ya meza, akaondoka akilia. Laiti Mjomba angekuwa mtu baki, asingeumia hivyo. Lakini huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani alimweleza bibi yake, Kadijah, aliyekuwa akisuka kawa. Bibi ndiye aliyemzaa Zubeiri. Aliweka kazi chini. Kesho yake aliwachukua kina mama wenzake wakaenda kwa afisa ardhi. Afisa akasema bustani ya umma haigeuzwi barabara bila wakazi kuulizwa waziwazi, akaitisha mkutano mwingine.

Siku hiyo Mjomba alisema maneno matamu sana kuhusu maendeleo. Akamaliza kama kawaida, "Tupige makofi."

Hakuna aliyepiga. Kina mama waliiacha mikono yao mapajani, na Shamirah aliikalia yake. Kimya kilikuwa kizito hata Mjomba akainamisha kichwa. Afisa akauliza ni nani wanaotaka bustani ibaki. Mikono yote ikapanda.

Vigingi viling'olewa. Baada ya muda baraza la duka la bluu likavunjwa, barabara ikapita palepale ilipopangwa. Asubuhi moja Mjomba alikuja bustanini na kidumu cha maji, akaomba msamaha mbele ya Bibi. Shamirah alimwamkia kwa adabu, lakini kidumu hakukipokea. Mjomba akakiweka chini, akaenda zake.

"Bado naumia, Bibi," alisema Shamirah.

"Hata mimi, mjukuu wangu. Itapoa pole pole. Lakini shika hili: mali ya watu wote usimwachie mtu mmoja kuilinda, hata kama ni damu yako. Na usipige makofi kabla ya kuelewa."

Shamirah akafuta machozi. Akakiokota kile kidumu, akamwagilia mwarobaini wake, kisha ule wa Mindra.