Mashine Iliyokataa Kuzimwa

Waya ulikuwa umechomolewa ukutani, lakini feni ya mashine iliendelea kuzunguka.

"Labda ina betri ndani," alisema msaidizi.

"Haina," fundi akajibu. Aliiunda mwenyewe na dada yake, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yao. Kwa mashine hiyo wenye maduka walilinganisha bei za wauzaji wa jumla kwa simu zao, wakaanza kuikimbia kampuni kubwa iliyokuwa ikiwauzia huduma hiyo kwa bei ya kuwakomoa.

Kampuni kubwa ikamnunua dada pamoja na mashine, ikaihamishia ofisini kwake. Bosi wa kampuni, ambaye wafanyakazi walimwita Chatu kwa kuwa humeza bila kutafuna, hakuitaka mashine. Aliitaka izimwe, abaki peke yake sokoni.

"Basi tuikate roho," msaidizi alisema akicheka, akaingiza koleo ndani.

Koleo liligeuka mkononi mwake. Vidole viwili vilidondoka sakafuni kabla hajajua kulia. Feni ikasimama, chumba kikanuka nywele zinazoungua. Fundi akaanguka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mtu mzima ambaye hakuna aliyemfahamu.

"Nani amezima nyumba yangu?"

Dada alipofika, fundi, mdogo wake, alikuwa akiutafuna mkono wake mwenyewe na watu wanne hawakuweza kumtuliza. Alikuja na mganga aliyewahi kumtibu mama yao. Mganga aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Chumba chenu cha nyuma kilikuwa na mwenyeji," alinong'ona. "Mlipoweka mashine akapenda joto lake, akahamia humo. Mmemuuza na nyumba yake."

"Nifanye nini, babu?"

"Iwashe. Irudishe kwenu ifanye kazi yake. Atamwacha mtoto."

Chatu alikuwa amesimama mlangoni.

"Haiwashwi," alisema taratibu. "Ikirudi hewani, wateja wanarudi kwako. Sikukununua ili unipige tena."

"Mdogo wangu anakufa, bosi."

"Nitagharamia mazishi."

Dada aliuchomeka waya, na mara ile fundi akaachia mkono, akavuta pumzi, akamwita dada yake kwa sauti yake mwenyewe; lakini Chatu alikwisha kuruka, akaushika waya kwa mikono miwili akaung'oa pamoja na kipande cha ukuta, na taa zote zikafifia, na kitu ambacho hakuna aliyekiona kikamnyanyua kwa kidevu hadi visigino vikaning'inia, kikampigiza kwenye kabati la mashine, na tena, na tena, mpaka kioo kikamwingia usoni na shingo ikalia kama ukuni mkavu na kichwa kikageukia upande ambao kichwa cha mtu hakigeukii.

Kisha Chatu akainuka. Akajipangusa koti.

"Ichukueni," alisema kwa sauti ile ile iliyomtoka fundi.

Msaidizi, mkono umefungwa shati, alikuwa wa kwanza kukimbia. Mganga alikuwa wa pili.

Mashine ilirudi chumba cha nyuma, ikawashwa. Wenye maduka wakarudi, kwanza mmoja mmoja, kisha mtaa mzima. Kidonda cha fundi kilianza kufunga. Asubuhi moja alikuwa akinywa chai na dada yake akimtania kwamba ni mtu pekee mjini aliyekosa nyama akajila mwenyewe. Akacheka. Ndipo mlango ukafunguka bila hodi.

Chatu aliingia kinyumenyume, maana uso wake ulikuwa huko mgongoni, ukiwatazama. Mashavu yalikuwa bado na vipande vya kioo. Hayakutoka damu.

"Kwangu kuna kumbi nzima za mashine," alisema. "Zina joto kuliko hii. Hii bakini nayo."

Dada akasimama mbele ya mdogo wake. "Sasa umefuata nini?"

"Kumbi zinataka mtu wa kuzitunza," alisema Chatu, akinyoosha mkono. "Nimekuja kumnunua fundi."

Nyuma ya dada, kikombe kilianguka, na sauti ile ile ya mtu mzima ikajibu kwa kinywa cha fundi:

"Nimekubali."