Uzi wa Mkrismasi

Wajukuu zangu wa Nguvumali, Tanga mjini, wananiita bibi mkaidi. Kila Idi wanaleta gari huku Mwera kunichukua, na kila Idi gari linarudi bila mimi. Basi someni, mjue, kisha mniache.

Miaka ile ya hamsini mwanzoni nilikuwa mke mbichi, mimba ya kwanza tumboni. Msinidai tarehe, shule niliingia nikatoka. Mavyaa wangu, Bi Mwanamkasi, mama yake mume wangu Uweso, alikuwa mtu wa kupenda makubwa. Aliuona mkrismasi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, ule mti unaowaka maua mekundu Desemba nzima utadhani paa linaungua. Meneja alikwisha kuondoka, nyumba imefungwa, popo wamehamia. Mavyaa akautaka mti wa namna ile mlangoni kwake.

"Mwamvua, kaniokotee maganda ya mbegu," akaniambia, jua limeshainama.

"Nifunge uzi, mama?"

Nyinyi mnaonunua miche sokoni hamjui. Kwetu, ukichukua mbegu kwenye mti wa mtu, unachomoa uzi kwenye kanga yako na kuufunga tawini. Mwenyewe asiwepo, mti unajua umeombwa.

Mavyaa alicheka mpaka tambuu ikamruka mdomoni. "Uzi kwa mti wa Mzungu! Mzungu ana habari na nyuzi zetu? Hebu nenda, mwanga unaisha."

Nikaenda.

Nyuma ya ile nyumba upepo haukuwepo kabisa. Hata jani la mgomba halikutikisika. Lakini maganda ya mkrismasi, yale marefu meusi kama panga, yalikuwa yanacheza juu.

Chaka... chaka... chaka...

Chini ya mti ameketi mwanamke, kajitanda kaniki, anapasua maganda kwa kucha. Harufu yake ilinifikia kabla ya sauti. Maziwa ya kifua yaliyochacha, na ubani. Kama chumba cha mzazi kilichofungwa madirisha.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika marahaba.

"Uzi wako uko wapi?"

"Nimeambiwa mti ni wa meneja."

"Meneja ndiye aliyeupanda?" akanong'ona. Akanijaza mbegu kiganjani. Zilikuwa na joto, kama zimetoka mkononi mwa mgonjwa wa homa. "Chukua. Utaniletea."

"Nikuletee nini?"

Akanitazama tumbo.

Sikuaga. Nilikimbia na mimba yangu kama mwizi wa kuku.

Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu kama jiwe. Mavyaa alizisugua ubavu mmoja kwenye jiwe la kusagia mpaka weupe ukaonekana, akazimwagia maji ya moto, akaziacha zivimbe usiku kucha, akazipanda kwenye mikebe. Zote zikaoza. Moja tu ikabaki kimya udongoni, wiki kwa wiki, wala haiozi wala haioti.

Siku niliyojifungua Sabiha, ikachomoza.

Mavyaa akaona ni baraka. Wenzake huzika kondo la nyuma uani, nyuma ya nyumba. Yeye akachimba shimo mlangoni, akalitia kondo langu mle, na mche akaupandikiza juu yake. "Ule ushibe," akauambia. Mimi nimelala na mtoto mchanga, nani aniulize?

Arobaini ikaisha. Nikambeba mwanangu nimpeleke Pangani kwa mama yangu. Tulipofika barabarani, akanyamaza. Nikafunua kanga. Midomo imekuwa ya buluu. Baridi, kama samaki. Hapumui...

Nikarudi mbio nikilia. Nilipoingia uani tu, akapiga chafya, akaanza kunyonya.

Nilijaribu tena. Na tena. Kila nikivuka ua, mtoto anazimika.

Mti ulikua kwa haraka ya aibu. Ulivyotanda, na kamba ya Sabiha ikarefuka. Ulipofika kisimani, na yeye akaweza kufika kisimani. Kiangazi ukipukutisha majani, mwanangu hatoki kitandani. Mizizi ikapita chini ya sakafu, ikaupasua udongo, ikasimama uvunguni mwa kitanda chake. Ukilala unaisikia... krrr... krrr... Uweso aliisikia mara moja, akapata kazi ya ghafla Muheza, na mke mwingine wa ghafla huko huko. Mavyaa alikufa akiusifu uvuli wake.

Nikamwita jirani yetu Fanueli, Mbondei, mkata miti wa shambani, Mlutheri asiyeogopa kitu.

"Mama Sabiha, huu ni mti tu," akasema. "Kabla chai haijachemka nimeushusha."

Akaupiga shoka moja.

Ndani Sabiha akapiga yowe.

Nikamkuta kashika muundi, damu inachuruzika, mfupa unaonekana. Nje, pale pigo lilipoingia, harufu ya maziwa yaliyochacha. Fanueli alitimka bila kuaga. Shoka lake ninalo mpaka leo, nachanjia kuni.

Mwaka Sabiha alipoanza kung'oka meno, mti ukatoa maua kwa mara ya kwanza. Watu wakaja kuushangaa. Maua yakaanguka, maganda yakaning'inia, mabichi bado. Jioni moja nafagia, nikaisikia ile harufu.

Yule mwanamke amesimama nje ya ua.

"Amekua," akanong'ona. "Maganda yakikauka, nakuja kumchukua."

Msiniulize alikuwa nani. Wa shambani walisema palikuwa na yaya kwa meneja, akazaa mtoto ambaye hakuna aliyemwona, na mkrismasi ukapandwa asubuhi yake. Wengine walisema hapakuwa na yaya. Mimi nilijua kimoja tu, maganda yanakauka.

Nikatazama kila siku. Kijani. Kahawia. Siku niliposikia la kwanza likicheza bila upepo, nikavaa ile kanga yangu kuukuu, nikaenda kwa meneja kabla jua halijazama. Yule mwanamke alikuwa palepale chini ya mti, miguu kainyoosha.

Nikachomoa uzi. "Huu hapa. Uzi wako."

"Uzi ulikuwa wa mbegu. Sasa kuna mtoto."

"Mtoto simtoi. Nifunge mimi."

Akacheka. Kicheko kikavu, kama maganda. "Wewe mgumu. Huna utamu wa mtoto."

"Ndiyo uzuri wake. Hutanimaliza upesi."

Akauchukua uzi, akauzungusha kwenye mkono wangu. Ulikuwa wa moto. Nilipotazama tena, mkononi hapana uzi, ila alama nyekundu, na chini ya mti hapana mtu.

Kesho yake Sabiha alikimbia mpaka barabarani akicheza, akarudi mwenyewe. Mimi nilipomfuata, nilipovuka ua tu, kifua kikafunga.

Ndiyo hivyo. Aliposwa Tanga, sikwenda. Alipozaa, sikwenda. Ni mkaidi, si ndiyo?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Idi iliyopita, mjukuu wangu Mwanasiti, binti wa Sabiha, alikuja na tumbo lake mbele. "Bibi, nipe mbegu za mkrismasi wako, nipande mlangoni Nguvumali." Nikamwambia hazioti. Akanuna. Nikaona isiwe tabu, nikazitia sufuriani, nikazichemsha kama maharage mpaka zikalainika, nikazikausha, nikampa. Mbegu iliyopikwa haioti. Hata mtoto anajua.

Leo kaja dereva wao kaleta sukari.

"Bibi, Mwanasiti anakusalimu. Mbegu zote zimeoza, ila moja imechomoza leo alfajiri. Na uchungu nao umemshika."

Sufuria ikaniponyoka.

"Mwambie kondo lisizikwe pale! Likazikwe mbali, likatupwe baharini, popote!"

Akatabasamu, kama watu wanavyowatabasamia wazee. "Shimo limeshachimbwa mlangoni, bibi. Kuna mama mmoja alipita jana jioni, ndiye aliyemwelekeza Mwanasiti. Mtu wa ajabu yule. Nilimwamkia, hata marahaba hakusema."

Nilimwambia anisubiri, nampa karatasi awapelekee. Hii ndiyo. Lakini nimeandika nusu tu nikasikia gari linawaka.

Nimelikimbilia. Nimefika kwenye ua, nimevuka mguu mmoja... kifua kimefunga, nimeanguka mchangani, karatasi bado mkononi.

Vumbi limetulia. Upepo haupo.

Juu ya kichwa changu maganda yanacheza.