Waya Nyuma ya Dashibodi

Shangazi alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya basi, miguu ikining'inia mlangoni, akifungua skrubu ya mwisho ya boksi la feni. Kituo kizima cha polisi kilimwita Shangazi, hata mkuu wake. Kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyopata ajali, na hakuwa mtu wa haraka.

Basi hilo lilibeba washonaji wa kiwanda cha nguo. Jana asubuhi, kwenye baridi ya kukata masikio, liliacha barabara taratibu likaegemea ukuta wa ghala. Waliofika kwanza walikuta madirisha yote yamefungwa, abiria wamelala kama waliopewa dawa, dereva kaangukia usukani. Mshonaji mmoja hakuamka tena. Kituo hakikuwa na nafasi, kwa hiyo basi lilivutwa hadi uwanja wa kiwanda. Aliyemfungulia Shangazi geti ni Meneja wa usafiri, na ufunguo wenyewe aliuvaa shingoni kama mkufu.

"Shangazi," sauti ya mwanamke iliita kutoka nje. Alikuwa mke wa dereva. "Kesho wanamsomea mashtaka ya kuua. Yuko hospitali, kapigwa pingu kitandani. Eti alilewa! Mume wangu hata soda inampa kichefuchefu."

"Daktari amepima damu, mama. Pombe hamna. Kuna sumu ya moshi wa gari."

"Si wamwachie basi?"

"Meneja anasema kosa bado ni lake. Eti alifunga hewa ya nje, akawaziba pumzi watu." Alitoa kichwa. "Ndiyo maana nipo huku chini. Natafuta moshi uliingilia wapi."

Nyuma ya mwanamke yule alisimama mtu mwenye shati lililochanika na jicho lililovimba. Huyo ndiye fundi wa kiyoyozi aliyejaza gesi kwenye basi juzi. Ndugu za marehemu walimfikia kabla ya polisi.

"Wanasema gesi yangu imeua," alisema.

Shangazi alikuwa ameshaipima. Mshale ulisimama pale pale unapotakiwa. "Gesi yako imo yote, haijavuja hata kidogo. Hebu niambie, asubuhi ile waliwasha nini?"

"Hita. Baridi ile, nani angewasha kiyoyozi?"

"Na hita inatumia gesi?"

"Wapi, Shangazi! Hita ni maji ya moto ya injini. Yanapita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hapo, joto linaingia ndani."

"Feni inapata wapi hewa ya kupuliza?"

"Nje, pale chini ya kioo cha mbele, jirani na boneti. Ukitaka ya ndani izunguke, unasukuma kishikio, kilango kinaziba ya nje."

"Sawa. Nenda ukatibiwe jicho. Ukiulizwa, sema mimi ndiye niliyekuruhusu."

Alichomoa chujio la hewa. Upande uliotazama boneti ulikuwa mweusi tititi kwa masizi. Akamulika ndani zaidi. Kishikio kwenye dashibodi kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho, kwenye hewa ya ndani, lakini kilango kilikuwa wazi. Kebo yake ilikuwa imechomolewa, na kilango kimekazwa kwa waya kisijifunge.

Shangazi akaelewa. Dereva alikuwa amesikia harufu. Akafanya ambalo dereva yeyote mwenye akili angefanya, akasukuma kishikio, na hakikusaidia kitu.

Akafungua boneti. Shingo ya bomba la moshi, pale linapotokea kwenye injini, ilikuwa na kutu na masizi kila mahali, isipokuwa klempu moja, pete ya chuma ya kubana bomba, yenye rangi ya fedha inayong'aa. Aliigusa, akafuta mikono, akaenda ofisini.

Meneja, mkwe wa mwenye kiwanda, alikuwa na hita ndogo miguuni. "Karibu, Shangazi. Chai?"

"Asante, nimekunywa. Nani alikikaza wazi kile kilango cha hewa kwa waya?"

Alicheka. "Ah, hicho? Mimi, tena kwenye mabasi yote. Madereva wanazungusha hewa ya ndani, vioo vinaingia ukungu, wanasimama kufuta, washonaji wanachelewa. Hewa ya nje ina kosa gani?"

"Haina kosa ikiwa safi. Sasa ulituambiaje kwamba dereva aliifunga, na wewe unajua haifungiki?"

Meneja alikohoa. "Mimi niliona kishikio..."

"Na bomba la moshi?"

"Zima kabisa. Klempu iliwekwa mwezi uliopita, katazame."

"Nimetazama. Pale panawaka moto hata mkono huuweki. Rangi ya klempu ingeungua siku ya kwanza. Ile haijaonja moto, na basi halijawashwa tangu livutwe kutoka ukutani. Imewekwa humu uwanjani, baada ya ajali. Ufunguo wa geti unao nani?"

Mkono wa meneja ulienda shingoni wenyewe.

"Baba mkwe alikuwa ananisubiri nijikwae," alisema hatimaye. "Basi likilala gereji, kazi inasimama, naambiwa nimeshindwa. Nilidhani bomba lina ufa mdogo tu."

"Dereva alikwambia?"

"Aliniambia. Nikamjibu asiyetaka kuendesha aache funguo mezani."

Shangazi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipiga meza hadi vikombe vikaruka.

"Klempu moja! Kazi ya kufumba na kufumbua! Umeifunga baada ya mtu kufa, siyo kabla! Halafu unamtupia mzigo mtu aliye kitandani, hajui hata mshonaji amekufa! Huna haya? Vua huo ufunguo. Uweke hapa."

Aliuvua. Askari walioitwa kutoka kituoni wakamchukua, naye Shangazi akapiga simu hospitali, mke wa dereva akiwa kando, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mfungueni pingu. Ndiyo, sasa hivi. Nasubiri kwenye simu mpaka nisikie mmefungua."

Kisha akarudi uwanjani. Mabasi mengine yalikuwa yamepangwa safu nzima. Alikata waya wa la kwanza, akachungulia bomba lake. Akakata wa la pili. Kwenye la tatu giza likamkuta.

"Shangazi," mlinzi wa kiwanda aliuliza kwa wasiwasi, "washonaji kesho watafikaje?"

"Mwenye kiwanda atafute magari mengine. Haya hayatoki." Alifunga geti na kulijaribu kwa bega. "Asubuhi naanzia hili la tatu. Asiliguse mtu."